Maji Safi Yanapoua Samaki

KATIKA mitaa ya Kimbo, upande wa Ruiru ukielekea Thika, yapo mazungumzo ambayo miaka ishirini iliyopita yangewashangaza wenyeji. Watu wanaulizana bei ya vifaranga vya samaki. Wanaulizana ni pampu ipi isiyokula stima, na ni kokoto za ukubwa gani zifaazo kuoteshea sukuma wiki. Wanaouliza si wavuvi, wala si wakulima kwa maana tuliyoizoea. Ni walimu, makarani, wachuuzi na wastaafu walionunua ploti za futi hamsini kwa mia moja, wakajenga, kisha wakabaki na kipande kidogo nyuma ya nyumba wasichojua wakifanyie nini.

Jambo wanaloulizia ni ufugaji wa samaki na ukuzaji wa mboga katika mzunguko mmoja wa maji, pasipo udongo. Samaki hulishwa ndani ya tangi. Maji yenye kinyesi chao hupandishwa hadi kwenye vitanda vya kokoto vilivyopandwa mboga. Mboga hufyonza kile ambacho kingewadhuru samaki, na maji hurudi tangini. Kwa kuwa lugha yetu haijaupa mfumo huu jina lililokubalika na wote, nitauita akwaponiki kwa sasa, na suala la jina nitalirejelea.

Sina nia ya kuubeza mfumo huu. Ni mzuri, na misingi yake ni ya kale: wakulima wa mpunga wa China wamefuga samaki mashambani mwao kwa karne nyingi, na umbo hili la matangi na pampu lilifanyiwa utafiti wa muda mrefu katika Chuo Kikuu cha Visiwa vya Virgin vya Marekani, chini ya Dkt. James Rakocy, tangu miaka ya 1980. Shaka yangu ni nyingine. Kinachouzwa Kimbo ni mabomba, matangi na pampu. Kinachofanya kazi ndani ya mabomba hayo ni kiumbe hai asiyeonekana kwa macho, ambaye mnunuzi hakuambiwa yupo, na ambaye msamiati tuliofundishwa shuleni unatuamuru tumwue mara tumwonapo. Hapo ndipo mwanaisimu anapopata ruhusa ya kuingia katika shughuli za samaki.

Lakini tuanze na sababu zinazowafanya watu wa Kimbo wavutiwe, kwani si upuuzi.

Ruiru ulikuwa mji wa kahawa. Kituo cha utafiti wa kahawa kilicho hapo ndicho kilichowapa wakulima aina ya mbuni iitwayo Ruiru 11 mwaka 1985, na jina hilo bado linatajwa mahali popote zao hilo linapopandwa nchini. Tangu hapo, sehemu kubwa ya mashamba imegawanywa na kuuzwa. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu wakazi takribani 239,000 mjini Ruiru. Ile ya mwaka 2019 ikahesabu takribani 490,000. Watu waliongezeka maradufu katika mwongo mmoja, ile barabara kuu ya Thika iliyopanuliwa na kukamilika mwaka 2012 ikiwasaidia kufika. Udongo ambao uliwalisha watu sasa umebeba nyumba zao. Mboga hununuliwa sokoni, na kila mnunuzi amesikia habari za sukuma wiki inayonyunyiziwa majitaka kando ya Mto Nairobi. Bei ya mbolea ilipopaa mwaka 2022, na habari za mbolea bandia zilipozagaa mwaka 2024, hata yule aliyekuwa na robo ekari alianza kujiuliza maswali.

Samaki nao wana siasa zao. Mwaka 2018 kulizuka mjadala mkali kuhusu tilapia waliogandishwa kutoka China, waliokuwa wakiuzwa kwa bei ambayo mvuvi wa Ziwa Viktoria hakuweza kushindana nayo. Mjadala ulipoa, samaki wakaendelea kuuzwa. Kwa mzazi wa Kimbo mwenye watoto watatu, fikra kwamba samaki wa Jumamosi anaweza kutoka nyuma ya jikoni ina mvuto ambao hauhitaji kuelezwa.

Fauka ya hayo, maji. Mitaa mingi ya Ruiru hupata maji ya mfereji kwa zamu. (Bwawa liitwalo Ruiru, kwa kinaya, lilijengwa ili kuwanywesha wakazi wa Nairobi.) Mfumo unaozungusha maji yaleyale, ukihitaji kuongezewa kiasi cha asilimia moja hadi tatu tu kwa siku kufidia yanayokuwa mvuke na yanayonywewa na mimea, unaonekana kana kwamba ulibuniwa mahsusi kwa watu wa zamu.

Basi kwa nini niwe na shaka? Kwa sababu tumewahi kulipita daraja hili. Mwaka 2009, chini ya Mpango wa Kufufua Uchumi, serikali iliamua kuchimba vidimbwi vya samaki 200 katika kila eneo bunge, katika maeneo bunge 140 kati ya 210 yaliyokuwapo wakati huo. Kila kidimbwi kilikuwa na ukubwa wa mita mraba 300, na kiliwekewa vifaranga 1,000. Matokeo ya mwanzo yalifurahisha. Samaki wa kufugwa, ambao mwaka 2009 hawakufika tani 5,000 nchi nzima, walifika takribani tani 24,000 mwaka 2014. Kisha ikaanza safari ya kushuka, na kufikia mwaka 2017 tulikuwa na takribani tani 12,000. Ongezeko lililoonekana baadaye limetokana kwa kiasi kikubwa na vizimba vya Ziwa Viktoria, si na vile vidimbwi vya vijijini, ambavyo vingi vilikwisha kuota nyasi.

Wataalamu wametoa sababu nyingi: chakula ghali, vifaranga hafifu, soko la mbali, maji kukauka. Zote ni za kweli. Ila nionavyo mimi, zina shina moja. Serikali ilichimba mashimo kwa kasi ambayo maarifa hayakuweza kuifuata. Mwenye kidimbwi alipewa shimo, samaki na gunia la chakula. Hakupewa uwezo wa kuyasoma maji. Gunia lilipokwisha, na afisa wa samaki alipohamishwa, kidimbwi kilirudi kuwa dimbwi. Na tukumbuke kwamba nchi haikukosa wajuzi: kituo cha ufugaji samaki cha Sagana kimekuwapo tangu mwaka 1948. Ujuzi ulikuwapo umbali wa saa moja na nusu kwa matatu kutoka Kimbo, katika lugha na katika majarida ambayo mfugaji hakuyasoma.

Akwaponiki ya nyumbani ina hatari hiyohiyo, tena kubwa zaidi. Kidimbwi cha udongo ni mvumilivu. Kina matope, mwani, wadudu na eneo kubwa la hewa. Mfugaji akikosea, maumbile humsitiri. Tangi la lita elfu moja halimsitiri mtu.

Hebu tulitazame tangi lenyewe, maana mwalimu wa hisabati au wa kilimo atapata hapa somo la wiki nzima. Watu wengi hununua yale matangi meupe ya mraba yaliyozungushiwa vyuma, yenye ujazo wa lita 1,000. (Uliza kilichokuwa ndani yake kabla hujanunua. Lililobeba mafuta ya kupikia huoshwa likafaa. Lililobeba kemikali za kiwandani liachwe kwa muuzaji wake.) Kwa mtu anayeanza, tangi hilo libebe samaki wenye uzito wa jumla wa kilo 10 hadi 20, si zaidi. Tuchukue kilo 15, yaani samaki 30 wa nusu kilo kila mmoja wakishakomaa. Wakila asilimia moja na nusu ya uzito wao, watahitaji gramu 225 za chakula kwa siku. Kitabu cha Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa kuhusu akwaponiki ndogo, kilichotolewa mwaka 2014, kinaeleza kwamba kila gramu 40 hadi 50 za chakula cha samaki kwa siku hutosha kulisha mita mraba moja ya mboga za majani. Gawanya 225 kwa 45: unapata mita mraba tano.

Kwa hiyo huu ndio ukweli wa tangi moja la Kimbo: samaki thelathini kwa msimu na kitanda cha sukuma wiki, spinachi na dhania chenye ukubwa wa mkeka mkubwa. Ni kitoweo cha heshima. Si biashara. Anayekuambia kwamba utalipa karo ya chuo kikuu kwa tangi hilo hajafanya hesabu hii, au ameifanya akanyamaza. Huko Kajiado limewahi kuwapo shamba la kibiashara la mfumo huu lililojiita Kikaboni, lakini shamba la biashara lina mtaji, vibanda vya kukinga baridi na watu wa kuyasimamia maji mchana na usiku. Mtu wa ploti asijilinganishe nalo.

Sasa nifike kwenye kiini cha shaka yangu.

Samaki hutoa amonia, hasa kupitia mashavuni mwake. Amonia ni sumu kwake. Mimea nayo haiifaidi sana amonia. Hupenda zaidi nitrati. Kati ya samaki na mmea pana pengo, na wanaolijaza ni bakteria. Kundi la kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo kwa kiasi cha kawaida samaki huivumilia na mboga huinywa. Katika darasa la fonolojia huwaonyesha wanafunzi jozi za maneno yanayotofautishwa na sauti moja tu, kama vile "pata" na "bata". Nitriti na nitrati ni jozi ya namna hiyo. Irabu moja katika neno, atomu moja ya oksijeni katika maji, na baina yake uhai na mauti ya samaki wote waliomo. Mwanafunzi aliyesinzia akaandika "i" mahali pa "a" katika daftari la vipimo anaweza kumlaza jirani yake njaa.

Bakteria hawa hawanunuliwi pamoja na pampu. Huja wenyewe, hujishikiza polepole kwenye kokoto na kuta za tangi, na huchukua wiki nne hadi sita kuzaana kiasi cha kutosha. Wakati wa baridi huchukua muda mrefu zaidi. Katika kipindi hicho maji yawekwe amonia kidogo au samaki wachache mno, na yapimwe kila siku mbili. Vipimo huonyesha amonia ikipanda kisha ikishuka, nitriti ikipanda kisha ikishuka, na mwishowe nitrati ikianza kujitokeza. Hapo ndipo samaki waongezwe. Napendekeza tukiite kitendo hiki kukomaza maji. Wauzaji wengi hawakitaji, kwa sababu ni vigumu kumshawishi mteja alipe leo na angoje mwezi mmoja na nusu akilitazama tangi la maji.

Yupo mzee mmoja hapa Kimbo, mwalimu mstaafu, aliyefungiwa mfumo kama huo pamoja na samaki siku moja. Wiki chache baadaye aliona kuta za tangi zimeingia utelezi na kokoto zimepata rangi ya hudhurungi. Akafanya lile ambalo kila mtu aliyelelewa vizuri angelifanya. Alimwita kijana wake wa kazi, wakazitoa kokoto, wakazisugua kwa dawa ya kung'arishia nguo, wakazisuuza, wakalijaza tangi maji mapya ya mfereji. Siku ya tatu samaki wote walikuwa juu ya maji, matumbo yakitazama mbinguni.

"Mwalimu," aliniambia, "na maji yalikuwa safi kama kioo!"

Nami nikamwamini, kwani ndivyo yalivyokuwa. Neno "safi" katika Kiswahili limebeba mizigo mitatu kwa wakati mmoja: kisichokuwa na taka, kinachopenyeza nuru, na kinachofaa kutumiwa. Katika maji ya kunywa, mizigo hiyo husafiri pamoja, na ndiyo sababu hatujawahi kulazimika kuitenganisha. Katika tangi la samaki hutengana. Amonia haina rangi. Klorini haina rangi. Maji yanayopenyeza nuru mpaka chini yanaweza kuwa na sumu ya kuua samaki mia, na maji yenye rangi ya chai nyepesi yanaweza kuwa makao bora kabisa. Jicho haliamui hapa. Kipimo ndicho kiamuzi.

Neno la pili lililomponza mzee wetu ni lile tulilompa bakteria. Vitabu vyetu vya shule za msingi, mabango ya afya na matangazo ya sabuni vimetufunza kwamba bakteria ni "viini" au "vijidudu", na kwamba viini huleta maradhi. Mafunzo hayo yameokoa maisha mengi dhidi ya kipindupindu, wala sitaki yaachwe. Lakini yametuachia msamiati wa upande mmoja. Mtu mwenye neno moja tu la kuvitaja viumbe hivi, nalo ni neno la adui, atafanya nini akiona utando wao kwenye kokoto? Atachukua dawa. Hakuna ujinga hapo. Kuna utii kwa lugha.

Linalosikitisha ni kwamba jikoni mwetu tunalo wazo linalohitajika. Tunayajua maziwa mala, ambayo watu wengi husema jina lake lilitokana na maziwa yaliyolala. Tunaijua hamira, tunaijua chachu, tunaujua uji uliochachushwa. Mama yeyote anajua kwamba kibuyu cha mursik hakioshwi kwa sabuni kikaachwa kama kipya. Maarifa ya kwamba vipo viumbe visivyoonekana vinavyotufanyia kazi si mageni kwetu. Ni sisi waandishi wa vitabu na walimu ambao hatujayaunganisha na neno bakteria. Mwalimu wa sayansi akianza somo hili kwa kibuyu cha maziwa badala ya kuanza na kipindupindu, atakuwa amelikinga tangi la shule yake kuliko mlinzi wa usiku.

Kuna hatari nyingine ambazo nitazipitia upesi, ijapokuwa kila moja imewahi kumaliza mfumo mzima.

Umeme. Pampu ya wati 50 ikifanya kazi usiku na mchana hutumia yuniti 1.2 kwa siku, gharama ambayo kaya nyingi zenye stima zinaweza kuibeba. Taabu ni stima kupotea. Tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya nchi iliingia gizani kwa saa nyingi, na tarehe 10 Desemba mwaka huohuo ikaingia tena. Tangi lililojazwa samaki kupita kiasi hukosa oksijeni katika muda mfupi mno; lenye kilo 15 humpa mwenyewe saa kadhaa za kuhangaika kwa ndoo, akichota na kumwaga maji kutoka juu ili yabebe hewa. Betri ndogo yenye pampu ya hewa si anasa, na inunuliwe kabla ya samaki.

Baridi. Kitabu kilichoandikiwa nchi za joto hakiijui Julai ya Ruiru. Tilapia hustawi katika maji ya nyuzijoto 27 hadi 30. Chini ya 20 hukua kwa kusuasua, na yakikaribia 16 huacha kula. Tangi la nje katika Julai yetu yenye mawingu litashuka chini ya 20. Mfugaji anayeendelea kumwaga chakula kilekile cha Februari huwa anaozesha chakula majini. Apunguze, afunike tangi, na aelewe kwamba samaki wake watachukua miezi mingi kuliko ile sita aliyotangaziwa. Kambare ni mvumilivu zaidi wa maji hafifu, maana huweza kuvuta hewa ya juu, lakini wakubwa huwala wadogo, kwa hiyo watenganishwe kwa ukubwa.

Maji yenyewe. Ya mfereji yawekwe kwenye chombo kilicho wazi siku moja au mbili ili klorini itoke. Ya kisima yapimwe, kwani visima vingi vya Nairobi na viunga vyake vina floraidi, na aghalabu pH yake iko juu, hali inayoizidishia amonia makali. Baada ya miezi kadhaa mambo hugeuka: kazi ya bakteria huishusha pH taratibu, na ikiteremka chini ya 6 bakteria wenyewe huanza kulegea. Hapo huhitajika chokaa kidogo, iliyoyeyushwa kwanza ndani ya ndoo na kuongezwa siku baada ya siku. Wala si kikombe kizima cha chokaa kavu kinachotupwa tangini kwa hasira. Kokoto nazo zijaribiwe kwa siki. Zikitoa povu zina chokaa ndani yake, na zitaivuruga pH daima.

Na wadudu wa mboga. Kenya iliwahi kuwa mzalishaji mkuu wa pareto duniani, nasi twajivunia kwamba ni dawa itokanayo na ua, isiyomdhuru mwanadamu sana. Samaki humdhuru vibaya. Mtu anayenyunyizia sukuma wiki dawa ya pareto juu ya kitanda cha akwaponiki anaua kitoweo chake kwa dawa ya asili. Vidukari waoshwe kwa maji au waokotwe kwa mkono. Hapa pia neno limetudanganya, safari hii "asili", ambalo tumelizoea kama jina la pili la usalama.

Gharama kubwa ya kila mwezi ni chakula cha samaki, ambacho hutegemea dagaa na soya, vitu ambavyo binadamu na kuku pia wanavigombea. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, ICIPE, kilichopo Kasarani kandokando ya barabara hiihii ya Thika, kimefanya kazi kubwa ya kuonyesha kwamba funza wa nzi fulani mweusi wanaokuzwa kwa mabaki ya chakula wanaweza kuchukua sehemu ya nafasi ya dagaa. Shule yenye jikoni la kulisha wanafunzi ina mabaki kila siku. Naona hapo kuna jambo, kuliko katika matangazo ya pampu za kisasa.

Nimetaja shule kwa makusudi. Mwezi Juni 2021 serikali ilivizindua upya vyama vya 4-K shuleni, vile vyama vya wakulima wadogo ambavyo wazazi wetu walivijua, na ambavyo "K" zake zilikuwa maneno ya Kiswahili: Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Mtaala wa umilisi nao umeurudisha mkono wa mtoto shambani, na kilimo ni somo katika sekondari ya chini. Kiambu ni miongoni mwa kaunti zilizochaguliwa katika mpango wa kukuza biashara ya ufugaji samaki unaofadhiliwa na mfuko wa kimataifa wa maendeleo ya kilimo, IFAD. Kwa hiyo fedha zipo kiasi, wanafunzi wapo, na haja ipo. Kisichokuwapo ni karatasi moja ya Kiswahili iliyobandikwa kando ya tangi.

Nani hasa humlisha samaki wa Kimbo? Mwenye nyumba huondoka alfajiri kwenda Nairobi na kurudi usiku. Anayebaki ni nyanya, au msaidizi wa nyumbani, au mtoto aliyefunga shule. Maagizo yaliyokuja na vipimo vya maji yameandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo, nayo yakakunjwa yakatiwa droo. Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Sijui urasmi huo una maana gani kwa msaidizi wa nyumbani anayetazama kijibomba cha kioo kikigeuka kijani, asijue kama kijani ni heri au shari.

Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Istilahi kama amonia, nitrati na bakteria hazina ugumu wowote kwa msemaji wa Kiswahili. Tatizo ni kwamba istilahi hizo zilibaki kabatini, wakati sisi huku Kenya tuliendelea kufundisha sayansi kwa Kiingereza na kukiachia Kiswahili ngano na mashairi. Ama kuhusu jina la mfumo wenyewe, "kilimo cha majini" halifai, maana wakulima wa mwani wa Zanzibar wana haki ya kwanza ya jina hilo. "Akwaponiki" linatamkika, lakini halimwambii nyanya kitu. Mimi naelekea kwenye "kilimo-samaki": ni fupi, linataja pande zote mbili, na mtoto wa darasa la nne analielewa bila kuelezwa. Mwenye bora zaidi na alilete.

Wakati huohuo, karatasi ya kando ya tangi haingoji baraza la istilahi. Inahitaji safu saba tu: tarehe, joto la maji, pH, amonia, nitriti, nitrati, na gramu za chakula kilicholiwa. Chini yake sentensi mbili: amonia au nitriti ikipanda, acha kulisha na ubadilishe theluthi moja ya maji kwa yale yaliyolala, na kokoto zisisuguliwe kamwe kwa sabuni wala dawa. Mwalimu yeyote wa Ruiru au Thika anaweza kuiandika leo jioni. Anayekusudia kuanzisha mfumo ajitahidi kuanza kukomaza maji mwezi Septemba, baridi ikishatoka, aweke samaki mwishoni mwa Oktoba, na awe na miezi minane ya joto mbele yake kabla ya Julai kurudi.